Mkono Uliozoea Kupima: Mwongozo wa Maabara kwa Mwanafunzi wa Famasia Anayeishi Mkolani

Umedahiliwa kusoma Shahada ya Famasia Bugando. Umepanga chumba Mkolani, au umepokewa na shangazi huko, na sasa unaitazama ratiba ambayo mchana wa siku kadhaa umeandikwa neno moja tu: maabara. Wapo watakaokuambia kwamba hizo ni saa za kujaza karatasi na kunakili namba za kundi lingine. Usiwasikilize. Katika miaka minne ya chuo kuna vitu viwili ambavyo huwezi kuvipata baadaye kwa kujifungia ndani na kitabu: mkono uliozoea kupima, na tabia ya kuandika ulichokiona hata pale ambapo sicho ulichokitarajia. Vyote viwili vinapatikana maabara, na mtazamaji hapati hata kimoja.

Waliokutangulia walivifuata mbali. Mafunzo ya shahada ya famasia nchini yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974, na kwa miaka mingi kijana wa Mwanza aliyetaka ufamasia alilazimika kwenda huko pwani. Wewe una CUHAS, chuo kikuu cha sayansi za afya kilichoanza mwaka 2003 pale kilimani Bugando, ambapo unafika kwa daladala na kurudi kulala kwenu.

Jioni ya kabla

Maabara inaanzia Mkolani, jioni ya siku iliyotangulia. Chukua karatasi ya maelekezo uliyoichapisha steshenari, isome mpaka mwisho, kisha ifunge na uandike hatua zote kwa mkono wako katika daftari. Usinakili. Andika kama unayemweleza mdogo wako wa kidato cha nne. Ukikwama mahali, hapo ndipo hujaelewa, na ni heri ukwame saa mbili usiku ukiwa na simu na marafiki wa kuwauliza kuliko kukwama kesho huku mmiminiko wa bureti ukiendelea.

Chora majedwali ya matokeo yakiwa matupu. Piga hesabu za kiasi cha kupima na za kuzimua. Andika pia kila kemikali utakayogusa na madhara yake: ipi inaunguza, ipi inawaka moto, ipi haitakiwi kumwagwa kwenye sinki. Mwanafunzi mwenye ukurasa huo mmoja anajulikana mara tu anapoingia, kwa sababu haulizi "sasa tunafanya nini?"

Asubuhi ondoka mapema. Daladala zinazotoka Buhongwa mara nyingi hufika Mkolani zimekwisha jaa, na foleni ya kuingia mjini haina huruma na ratiba ya mtu. Kuwahi kuna faida kubwa kuliko kukwepa macho ya mwalimu. Dakika za mwanzo ndizo ambazo kundi linagawana kazi. Anayechelewa huachiwa kuandika namba zinazosomwa na wenzake, na akichelewa mara kwa mara anamaliza muhula akiwa karani wa kundi.

Koti jeupe liweke ndani ya mfuko. Najua utamu wake: konda anakuita "dokta" na abiria wanakupisha kiti. Lakini koti la maabara limewekwa lipokee matone ya asidi na vumbi la dawa badala ya nguo zako, na ukilivaa ndani ya daladala unampelekea yule mama mwenye mtoto mgongoni kila kilicholigusa jana. Livae mlangoni, livue mlangoni, lifue peke yake. Viatu viwe vya kufunika mguu wote, nywele zifungwe, ncha za hijabu au skafu ziingizwe ndani ya koti. Na ule kwanza. Mihogo na chai ya mama lishe inatosha. Kusimama saa tatu ukiwa na njaa kando ya beseni la maji moto ni njia ya kuangukia vioo.

Mizani, pipeti, bureti

Kama ningepewa nafasi ya kumfundisha mwanafunzi chombo kimoja tu, ningechagua mizani. Kila namba utakayoipata mchana ule imeanzia hapo, na hakuna hesabu inayoweza kurekebisha kipimo kibovu.

Angalia kipovu cha usawa kabla ya kugusa kitu kingine. Hakikisha mizani imewashwa kwa muda wa kutosha kupata joto lake la kawaida. Umeme ukikatika na kurudi, jambo ambalo huhitaji kuelezwa, usiendelee palepale: subiri, rudisha sifuri, pima tena jiwe la kuhakikishia kama lipo. Pangaboi likiwa linazunguka juu yako namba za mwisho zitacheza, hivyo funga vilango vya kioo na uombe lizimwe. Usiweke bika lenye joto, kwa sababu hewa inayopanda kando yake hulifanya lionekane jepesi. Karatasi ya kupimia ishike kwa koleo ndogo, si kwa vidole vyenye jasho. Unga ukizidi, ziada hairudishwi kwenye chupa hata ikiwa kidogo namna gani, maana chupa hiyo ni ya darasa zima na wewe hujui kijiko chako kimepita wapi.

Andika namba kama ilivyoonekana. Mizani ikisema 0.1683, usiandike 0.168 kwa kuwa ndicho kiasi ulichotumwa kupima. Ile 3 ya mwisho utaihitaji kwenye hesabu.

Vioo vina daraja zake. Mistari ya kwenye bika ni makadirio tu, silinda ya kupimia ni bora kidogo, na pipeti na flaski ya ujazo ndizo za kuaminiwa pale kiasi kinapoingia katika hesabu. Pipeti hutumiwa kwa pampu yake ya mpira, kamwe si kwa mdomo, hata kama ndani yake mna maji matupu, kwa kuwa mdomo uliozoea maji siku moja utavuta asidi. Bureti isuuze kwa kimiminika chenyewe utakachotumia, toa hewa iliyojificha kwenye ncha, na ondoa faneli kabla ya kusoma namba ya kwanza. Tone moja litakalodondoka kutoka kwenye faneli katikati ya titresheni linatosha kukuharibia jibu, na hutajua lilikotoka. Jicho liwe usawa mmoja na mkunjo wa kimiminika. Mfupi apande kigoda, hakuna aibu.

Mazoezi ya mkono unaweza kuyafanya nyumbani. Nunua bomba la sindano la mililita 5, tupa sindano, jaza maji, kisha jifunze kutoa tone moja moja na kuvuta mililita 2.5 bila kipovu. Ukiweza hilo bila kufikiri, umejifunza pia jambo ambalo siku moja utamwonyesha mzazi anayempa mtoto sirapu.

Maji yetu na mwinuko wetu

Vitabu vingi utakavyosoma vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mwanza haiko huko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wewe uko juu yake kidogo. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Jaribio linalosema "pasha moto kwenye maji yanayochemka kwa dakika kumi" linaweza kukudai muda zaidi, na ni vizuri uandike joto lililosomwa kwenye kipimajoto badala ya kuandika 100 kwa mazoea.

Jambo hilo lina uzito mkubwa zaidi kwenye mtungi wa kutakasia kwa mvuke. Kinachoua vijidudu ni joto la nyuzi 121 likidumu kwa muda uliowekwa, kwa kawaida dakika 15. Vitabu husema joto hilo hufikiwa geji inaposoma pauni 15. Hiyo ni kweli pwani. Huku juu hewa ni nyepesi zaidi, hivyo geji ya kawaida inatakiwa isome karibu pauni 17 ndipo ndani mfikie nyuzi 121. Ukisimamia pauni 15 utatoa chupa ambazo kwa macho zimetakaswa, kumbe joto lilikuwa pungufu. Fuata kipimajoto, weka utepe wa kuonesha joto, na hakikisha hewa yote ya ndani imetoka kabla hujafunga vali.

Kuhusu maji ya bomba: yametoka ziwani, kwenye vyanzo kama Capripoint na Butimba, na yametiwa klorini ili tuyanywe salama. Ni mazuri kwa kuoshea vioo. Kwa majaribio hayafai. Weka matone ya nitrati ya fedha ndani yake utaona ukungu mweupe wa kloridi, nawe utaandika kwamba dawa uliyopewa ina uchafu kumbe uchafu ni wa maji. Suuza vioo mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, na kila mara pima pia maji matupu bila dawa ili ujue msingi wako uko wapi.

Kidonge kimoja, majaribio manne

Paracetamol ni kidonge anachokijua kila mtu Mkolani, na ndiyo sababu ni mwalimu mzuri. Tukichukue kile cha miligramu 500 tukifuate hatua kwa hatua.

Unaanza kwa kupima vidonge 20 kimoja kimoja. Kwa kidonge chenye uzito wa miligramu 250 na kuendelea, Famakopia ya Uingereza inaruhusu vidonge visivyozidi viwili kutofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na hakiruhusiwi hata kimoja kupita asilimia 10. Jaribio hili linachosha, na ndipo wengi wanapoanza ujanja: wanapima vitano na "kukisia" kumi na tano. Pima vyote. Ni hapa ambapo unajifunza kufanya kazi ya kuchosha bila kulegea, na kiwandani au kwenye maabara ya serikali kazi nyingi ni ya namna hiyo.

Kisha unaangalia kama kidonge kinasambaratika ndani ya maji ya nyuzi 37. Kisichofunikwa kwa utando kinapewa dakika 15. Halafu unavizungusha vidonge kwenye pipa dogo mara 100 na kuangalia vimepoteza uzito kiasi gani. Vikizidi asilimia 1, vitafika Ukerewe vikiwa nusu unga. Haya mawili ni mepesi, nayapita.

Jaribio la kupima kiasi cha dawa ndilo linalotenganisha wanafunzi. Tuseme vidonge vyako 20 vina uzito wa jumla wa gramu 11.20, yaani wastani wa gramu 0.560. Visage vyote. Unahitaji unga wenye gramu 0.15 za paracetamol, kwa hiyo unazidisha 0.560 kwa 0.15 na kugawanya kwa 0.5: jibu ni gramu 0.168 za unga. Unauyeyusha kwa mililita 50 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M, unaongeza mililita 100 za maji, unatikisa dakika 15, unafikisha mililita 200 na kuchuja. Unachukua mililita 10 na kuzifikisha 100. Katika hizo unachukua tena 10, unaongeza mililita 10 za hidroksidi ya 0.1 M na kufikisha 100. Sasa ndipo unakwenda kwenye spektrofotomita, kwenye mawimbi ya nanomita 257.

Hapo shika mambo mawili. Kikombe cha kupimia kiwe cha kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida na plastiki hunyonya mwanga wa mawimbi hayo. Na ukishike upande wenye ukungu, si upande unaopitisha mwanga, maana alama ya kidole nayo inasomwa kama dawa.

Kidonge kikiwa na miligramu 500 kamili, mashine itasoma kama 0.536. Ifahamu namba hii kabla hujaingia, ili mashine ikikupa namba kubwa kupita kiasi ushuku mara moja kwamba umeruka hatua ya kuzimua. Tuseme imesoma 0.529. Gawanya kwa 715, namba inayotolewa na famakopia kwa paracetamol: unapata gramu 0.00074 katika mililita 100. Zidisha kwa 100 kwa ajili ya mara mbili ulizozimua, kisha kwa 2 kwa sababu ulianza na mililita 200: gramu 0.148. Hizo zilitoka kwenye gramu 0.168 za unga, basi kidonge chenye gramu 0.560 kina gramu 0.493, karibu asilimia 98.6 ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Mipaka ni 95 hadi 105. Kimefaulu.

Sasa tuseme umepata 91. Kundi la jirani lina 98.6 na muda umebaki nusu saa. Hapa ndipo mtu anapoanza kupika data, na wengi wanapika kwa nia njema kabisa: wanaamini dawa ya dukani ni nzima, kwa hiyo wao ndio wamekosea, kwa hiyo si vibaya kuandika jibu "sahihi". Usifanye hivyo. Rudi nyuma kwa utaratibu. Anza na hesabu, kwa kuwa haigharimu kitu. Kisha kuzimua: je, ilikuwa pipeti ya 10 au silinda? Je, mchujo wa kwanza uliumwaga? Je, unga ulitikiswa dakika zote? Kama suluhisho bado lipo, lisome tena kwenye mashine. Kama muda umekwisha, andika 91, na chini yake andika unachokishuku na kwa nini. Mwalimu makini hutoa alama nzuri kwa ripoti hiyo kuliko kwa 98.6 ya kunakili. Asiye makini atakupunguzia mbili tatu. Zipokee.

Nina sababu. Mwaka 2012 dawa bandia za kufubaza virusi vya Ukimwi ziligunduliwa katika hospitali ya wilaya kule Tarime, upande wa mashariki wa ziwa letu hili. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya kunywa sirapu za kikohozi zilizokutwa na diethilini glikoli, sumu ileile iliyoua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937. Sumu hiyo huingia kwa sura ya gliserini au malighafi nyingine inayofanana nayo, na kuigundua kunahitaji jaribio la utambulisho ambalo wanafunzi huliona la kitoto: "si lebo inasema ni gliserini?" Maabara ya mamlaka yetu ya dawa, sasa TMDA na wakati huo TFDA, ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na wakaguzi wake wamekuwa wakitumia kwa miaka mingi sanduku dogo la vipimo liitwalo Minilab kwenye vituo vya kuingizia dawa. Ndani yake mna kromatografia ya tabaka jembamba, ileile utakayofanya mwaka wa pili na kulalamika kwamba madoa hayapandi. Siku moja mtu aliyesoma kama wewe atapata 91, na hakutakuwa na kundi la jirani la kulinganisha.

Kuchanganya na kutoa dawa

Maabara ya kutengeneza dawa hupendwa kwa kuwa unatoka na kitu cha kuonesha. Krimu zinawashinda wengi kwa sababu moja: mafuta na maji havikuwa na joto sawa vilipokutana. Vipashe vyote viwili hadi nyuzi kama 70, mimina taratibu, koroga mpaka ipoe. Ukiacha kukoroga mapema itakatika. Kazi hii si ya kale iliyokwisha. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zinazoihitaji sana. Ni famasia ya mkono kabisa: kupima, kuchanganya, kufungasha, kuandika lebo.

Chumvi ya kurudishia maji mwilini nayo ni zoezi zuri kwa sababu inafunua uzembe. Kwa lita moja ni gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 2.9 za sitreti ya sodiamu, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 13.5 za glukosi. Jumla 20.5. Potasiamu ikizidi inaweza kuathiri moyo wa mtoto. Changanya kwa kuongeza kidogo kidogo, ukianza na kilicho kichache, ili kisibaki kimejikusanya upande mmoja wa kinu. Kwa hakika, ulichotengeneza darasani hakiendi nyumbani. Si cha kumpa jirani mwenye mafua wala cha kuchovya kidole.

Lebo iandike kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu anayeumwa. "2 × 3" ni lugha yetu wenyewe. Mgonjwa anaweza kuisoma kuwa vidonge viwili kwa siku tatu. Andika: "Meza vidonge viwili, mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku." Katika mazoezi ya kuigiza utoaji dawa, chagua dawa mseto ya malaria, ALu, maana ina mitego: dozi ya pili ni baada ya saa 8, zinazofuata ni asubuhi na jioni, na inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Mwenzako aigize bibi wa Misungwi anayeongea Kisukuma kuliko Kiswahili. Mwamkie shikamoo, mweleze, kisha mwombe akurudishie maelezo kwa maneno yake. Ukimwuliza "umeelewa bibi?" atajibu ndiyo kwa heshima tu.

Famakolojia, mimea ya dawa na mikrobiolojia zina maabara zake, na kanuni ni zilezile. Kwenye mikrobiolojia ongeza uvumilivu, kwa kuwa sahani inataka usiku mzima kabla haijasema kitu. Bugando wamekuwa wakichunguza usugu wa vimelea dhidi ya antibiotiki kwa miaka mingi, kwa hiyo ukipata nafasi ya kukaa karibu na watu hao, kaa.

Kundi, usalama na fundi wa maabara

Vyombo ni vichache na wanafunzi ni wengi. Hilo halitabadilika muhula huu. Kundi la watu sita lenye bureti moja huishia kuwa na mtu mmoja hodari anayefanya kila kitu na watano wanaomsifu. Pendekezeni zamu mapema, kabla vyombo havijashikwa: leo wewe mizani, wiki ijayo bureti, inayofuata mashine. Nawe ukipewa kuchagua, chukua ile unayoiogopa. Hodari wa kundi asijisikie vibaya. Mtihani wa vitendo mnaufanya mmoja mmoja, na mmoja kati ya watano hao atachukua sapu kwa sababu hajawahi kufungua koki ya bureti kwa mkono wake.

Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Kemikali ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kusita na bila kusubiri ruhusa, mwingine aite msaada. Spiriti na moto havikai meza moja. Ukivunja kioo sema hapohapo, maana kipande kilichofichwa chini ya meza kitamkata mfagiaji. Mabaki ya viyeyusho na metali yatiwe kwenye chupa zake za taka. Jiji letu limejengwa kandokando ya ziwa, na Mto Mirongo hupita katikati yake ukielekea hukohuko tunakochota maji ya kunywa.

Na mheshimu fundi wa maabara. Yeye ndiye anayejua mizani ipi inadanganya, chupa ipi ya kitendanishi imepitwa na wakati, na siku gani chumba kiko wazi kwa anayetaka kurudia. Msalimie kabla hujamwomba kitu, rudisha vyombo vikiwa safi, na uliza kama unaweza kubaki kumsaidia kuandaa majaribio ya kesho. Kuandaa vitendanishi kwa ajili ya darasa zima kutakufundisha kuzimua kuliko mihadhara yote ya muhula.

Daftari moja lenye kurasa zilizohesabiwa, kalamu ya wino, tarehe kila siku. Ukikosea piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke, andika lililo sahihi na utie saini kando. Hakuna kuchana ukurasa, hakuna kuandika kwenye kiganja au nyuma ya tiketi ya daladala ukidai utahamishia baadaye. Bumu likiingia, daftari liwe kitu cha kwanza kununua, kabla ya bando.

Baada ya miaka minne utakwenda mwaka mmoja wa utarajali, na mpaka Baraza la Famasi likusajili hutaitwa mfamasia. Utapangiwa hospitali, pengine ya mbali na Mkolani, kwenye foleni ya wagonjwa ambayo haimsubiri mtu. Huko watakuonesha mifumo yao na fomu zao, lakini hakuna atakayepata nafasi ya kukufundisha kushika pipeti. Jifunze sasa.